Gari Lililozimika Kwenye Kalavati

Mume wangu alifia barabarani, njia ya Urambo, akitoka mnadani Jumatano alasiri. Dereva wa lori alimkuta amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye tairi la mbele la vani yetu, kofia ikiwa magotini. Boneti ilikuwa wazi. Hospitali walisema ni moyo. Hayo ndiyo niliyoambiwa, na kwa karibu miaka miwili sikuwa na mengine.

Tulikuwa tunauza vyombo: ndoo, mabeseni, sufuria, chupa za chai. Mimi nilibaki na kibanda hapa mjini, mtaa wa Ipuli, yeye alizunguka minadani na vani. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, limeshachoshwa na watu wengine kabla halijafika kwetu. Ubavuni lilikuwa na maandishi ya kigeni ambayo hatukuwahi kujua yanasema nini. Mume wangu alikuwa akiwaambia wateja kwamba yameandikwa "bei haipungui."

Baada ya arobaini, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alileta mtu wa kulinunua. Nilikataa. Nikasema nitajifunza kuendesha. Shemeji akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yanayofurika jikoni.

"Shemeji, una miaka hamsini na nne."

"Najua miaka yangu."

Nikaenda kujifunza pamoja na vijana wa umri wa wanangu. Mwalimu aliniita bibi siku ya kwanza, mama siku ya pili, na siku niliyopita mtihani akaniita mwanafunzi wangu. Nilipokaa kwenye kiti cha dereva cha vani yetu kwa mara ya kwanza, miguu haikufika vizuri kwenye pedali. Mume wangu alikuwa mrefu. Kiti kinasogezwa kwa kuvuta chuma kimoja tu, lakini sikukivuta. Nilitia mto mgongoni nikaendesha hivyo hivyo.

Jumatano ya tatu ndipo lilipozimika. Nilikuwa nimetoka mnadani saa tisa, jua kali, nyuma nimebakiza mabeseni machache. Nilikuwa nimeendesha kama dakika arobaini. Halikukohoa, halikutetemeka. Mshale wa mzunguko wa injini ulianguka ghafla kwenye sifuri, usukani ukawa mzito, na kelele zote zikakatika kama mtu aliyefumba mdomo. Gari lilijisogeza lenyewe hadi pembeni likasimama.

Nikageuza ufunguo. Stata ilizungusha injini vizuri, haikuwaka. Nikajaribu tena. Kisha nikainua macho nikaona niko wapi. Mbele yangu kulikuwa na kalavati, lile daraja dogo la zege. Ng'ambo yake, kando ya barabara, kulikuwa na bani la kukaushia tumbaku na nyumba ya tofali za kuchoma. Shemeji alinipeleka pale wiki ya msiba, akanionyesha kwa kidole: hapa.

Nilifunga vioo vyote. Sijui nilikuwa namfungia nani nje. Nikakaa, mikono kwenye usukani, jasho likinitiririka hadi kiunoni. Baada ya nusu saa nikageuza ufunguo tena, na injini ikawaka mara moja kana kwamba hakukuwa na neno.

Jumatano iliyofuata lilizimika tena palepale. Na iliyofuata.

Nilipomwambia shemeji, aliweka kikombe chake chini. Halafu akasema, "Kaka anadai kitu."

"Anadai nini?"

"Wewe ndiye uliyelala naye miaka thelathini. Utajua mwenyewe."

Akaongeza kwamba mahali pale si pazuri tangu zamani. Barabara ile ilikuwa njia ya misafara, iliyotoka pwani ikipita hapa kwetu kwenda ziwani. Babu zetu waliipita na meno ya tembo mabegani, wengine kwa kuajiriwa, wengine kwa minyororo, na aliyeanguka aliachwa alipoangukia. Bibi yangu alikuwa akituambia tusipige mluzi tukiwa kwenye njia ile, maana wako wanaosubiri kuitwa. Shemeji alisema wakandarasi walipochimba lile kalavati walifukua mifupa, wakaifukia upya wakaendelea na kazi. Sikujua kama ni kweli. Ila tangu siku hiyo kila nikivuka pale naona zege, na chini ya zege naona wanaume wamelala kwa mstari.

Mchungaji wetu wa Moravian alikuja kuliombea gari. Aliweka mkono juu ya boneti, akaomba kwa sauti, majirani wakasimama kutazama. Jumatano likazimika.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mchungaji wala shemeji. Nilianza kuizoea ile nusu saa. Baadaye nikaanza kuingoja. Ndani ya lile gari lililofungwa vioo nilikuwa nazungumza na mume wangu. Nilimweleza bei za ndoo, habari za binti yetu aliyeko Mwanza, nani kaoa na nani kafiwa. Nilimgombeza kwa mambo ya zamani. Siku moja asubuhi nilikuwa nafunga chai ya safari nikajikuta nimetia vikombe viwili kwenye kikapu. Nikavitazama. Sikukitoa cha pili.

Mara nyingine nilimwona mwanamke kwenye kona ya ile nyumba ya tofali. Alisimama akitazama gari, mkono mdomoni. Nilipogeuza uso kumtazama, aliingia ndani akafunga mlango. Sikujali. Nilifikiri ni mshamba anayeogopa watu wa mjini.

Ingeweza kuendelea hivyo hadi sasa kama si Jumatano moja nilipowapa lifti wanawake wawili wa mnadani, wauza dagaa. Tulikuwa tunapiga soga, na nyuma yetu kulikuwa na lori la mbao. Gari lilipozimika sikuwahi kulitoa barabarani. Lori lilipiga honi, likatupita kwa upepo uliolitikisa gari letu zima, kioo cha pembeni kikavunjika. Kisha mmoja wa wale wanawake, mdogo wa umri, akasema polepole:

"Mama, unajua kwamba linazimika hapa?"

"Najua."

"Unajua, na ukatupakia?"

Walishuka wakasubiri gari jingine juani. Hawakuniaga.

Kesho yake nililipeleka gari mtaa wa Chemchem, kwa fundi umeme wa magari. Ni mtu wa makamo, Mwislamu wa mjini. Ukoo wao umekuwa wa mafundi tangu babu yake aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Nilikuwa nimeshapita kwa mafundi watatu. Mmoja alibadilisha pampu ya mafuta, mwingine filta na plagi, wa tatu koili. Kila mmoja alisema sasa limepona.

Huyu alinikaribisha kwenye benchi, akaniuliza maswali kwanza, hata boneti hajafungua.

"Likizima, linakohoa au linakata tu?"

"Linakata tu."

"Mshale wa mzunguko?"

"Unaanguka sifuri palepale."

"Taa ya injini inawaka?"

"Haiwaki."

"Na likipoa linawaka bila shida." Alikuwa haulizi tena. "Linazimika wapi?"

Nikasogeza mkoba magotini. Halafu nikamweleza yote: kalavati, mume wangu, shemeji, mifupa. Alinisikiliza bila kucheka na bila kutikisa kichwa. Nilipomaliza akasema, "Innalillahi. Pole sana, mama." Akajifuta mikono. "Lakini nataka kujua mahali hasa. Ni kabla ya kalavati au baada?"

"Palepale."

"Kila mara?"

Nikataka kusema kila mara. Nikajizuia. Kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa kabla ya kalavati, nyumba ikiwa mbele yangu. Mara nyingine ilikuwa ng'ambo, nimeshaipita nyumba. Siku moja ya mawingu nilifika karibu na shule, mbali kabisa. Ile siku niliisahau. Au niliiondoa mwenyewe.

"Karibu na pale," nikasema.

"Na unatoka mnadani saa ileile."

"Saa tisa."

Akaitikia kwa kichwa. Aliunganisha mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akasoma, akaichomoa. "Haioni kosa. Gari limepoa, saa hizi ni zima. Tutalisubiri liumwe."

Aliwasha injini, akafunga boneti, tukakaa. Mchana ule ulikuwa wa joto la kuvunja mawe. Ilipita saa nzima, na injini ikanguruma tu. Alinyanyuka, akaenda saluni ya jirani, akarudi na mashine ya kukaushia nywele na waya mrefu wa umeme. Mwenye saluni alimfuata nyuma akilalamika kwamba ana mteja kichwa kimelowa. Fundi alilala chini ya gari, akaelekeza ule upepo wa moto mahali fulani upande wa chini wa injini.

Haikufika dakika tatu. Injini ilikata.

Nilishtuka hadi nikasimama. Ulikuwa ukimya uleule. Niliujua kama ninavyojua sauti ya mlango wangu. Lakini hapa hapakuwa na kalavati wala tumbaku. Ilikuwa Chemchem, bajaji zikipita, mwenye saluni akidai mashine yake.

"Piga stata," fundi akasema kutoka chini. Nikapiga. Haikuwaka. Akaomba kitambaa na maji baridi, akapakanda mahali palepale. "Piga sasa." Ikawaka.

Alitoka chini akajipangusa, akaniita nichungulie. "Ile nyeusi, ndogo kama kidole gumba. Ni sensa ya krenki. Inahesabu mzunguko wa injini, inaiambia kompyuta: inazunguka, mwaga mafuta, piga cheche. Ndani yake kuna waya mwembamba kuliko unywele. Umekatika mahali. Ukiwa baridi, ncha zinagusana. Ukipata moto zinaachana, sensa inanyamaza, na kompyuta inaamini injini imesimama. Inakata kila kitu. Dakika zako arobaini za jua la saa tisa ndizo zinazoichemsha."

"Basi si yeye," nikasema.

"Si yeye, mama."

Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Siku ile mume wangu alinipigia simu. Nilikuwa naosha vyombo, simu nimeibana kwa bega. Alisema, limezima tena. Nami nikamjibu, si hulingoja tu lipoe? Ngoja lipoe, litawaka. Nikakata. Sikumwuliza yukoje. Nilikuwa na haraka ya mabakuli.

"Kama sensa hii ingebadilishwa wakati ule," nikamwuliza, "angekuwa hai?"

Fundi aliangalia mikono yake. "Mimi najua kwa nini gari lilisimama. La mumeo silijui."

Sensa mpya ilibidi iagizwe Dar es Salaam, ikaja na basi siku ya tatu. Nilikuwepo alipofungua ile ya zamani. Bolti ilikuwa imeshikwa na kutu. Aliimwagia mafuta ya kulainisha, akaigongagonga, akaiacha, akairudia baada ya kuswali adhuhuri. Alipokuwa anaivuta taratibu isije ikavunjikia ndani, mkono wake ukatoka na kitu kingine.

"Kuna mtu alishaijua hii kabla yangu," akasema.

Kilikuwa kipande cha kitambaa, kimekakamaa kwa vumbi na mafuta, kimefungwa kwa waya upande wa nyuma wa sensa, usioonekana. Alisema mtu alikuwa akikilowesha ili kupoza. Nikakichukua, nikakisuuza kwenye ndoo yake. Ilikuwa khanga. Pindo la rangi ya zambarau, na michoro ya korosho nyeupe.

Sijawahi kuwa na khanga ya zambarau.

Fundi aliifunga sensa mpya, akasafisha soketi, akapima kwa mita, akaazima tena mashine ya saluni akaipuliza moto hadi mwenye nayo akaja juu. Injini haikutetereka. Alikuwa na furaha ya kazi yake, na mimi nikashukuru kama inavyopasa. Lakini njia nzima ya kurudi Ipuli nilikuwa na kile kipande kwenye mkoba, kinalowesha karatasi zangu. Mjane akikuta khanga ya mwanamke mwingine kwenye gari la mumewe hahitaji mtu wa kumtafsiria. Usiku nilikitandika mezani. Nilihesabu Jumatano zote alizochelewa.

Jumatano ilipofika nikaenda mnadani, nikauza, nikatoka saa tisa. Dakika ya thelathini, thelathini na tano. Mshale haukucheza. Niliona bani kwa mbali. Gari likapanda kalavati, likashuka, nyumba ya tofali ikapita dirishani, ikabaki nyuma.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimezoea kusimamishwa. Niliendesha hadi karibu na shule huku nalia kwa sauti, kama siku ya mazishi, kwa sababu nilijua sasa kwamba kwenye kile kiti cha pembeni hakukuwa na mtu, na hakuwahi kuwapo. Nikasimama pembeni mwenyewe, kwa mguu wangu. Nikageuza gari.

Mwanamke alikuwa nje ya bani, anafunga majani ya tumbaku kwenye fito. Ni wa rika langu, au kidogo chini. Aliponiona nashuka, ile fito ilimdondoka. Hakukimbia. Alisimama mikono imening'inia.

"Hodi hapa," nikasema.

"Karibu, mayu," akajibu, kama tunavyomwita mama kwa kilugha chetu.

Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu mjini. Nilipomfikia nikatoa tu kile kipande mkobani nikamwonyesha. Alikitazama. Akakaa palepale kwenye majani.

"Ni yangu," akasema. "Nilijua utakuja. Wiki zote hizi unasimama pale, umefunga vioo, hushuki. Mume wangu alisema unatusomea dua ya laana. Wanangu hawachezi tena upande wa barabarani siku ya Jumatano."

"Niwasomee kwa nini?"

"Kwa sababu tulimbeba."

Sikuelewa. Akaniomba nikae. Alileta kiti, mimi nikakaa, yeye akabaki chini. Akaniambia.

Gari la mume wangu lilianza kuzimika pale muda mrefu kabla ya siku ile. Alikuwa akija kuomba maji. Mara ya pili au ya tatu aliomba na kitambaa, yule mama akampa kipande cha khanga yake iliyochakaa. Alikuwa amegundua kwamba akilowesha mahali fulani huko chini, gari linawaka mapema. Basi ikawa ndiyo kawaida. Anakuja, anasalimia, anachukua maji, anakaa kivulini mwa bani na mume wa yule mama wanaongea habari za tumbaku. Siku nyingine aliwaachia beseni. Yule mama alinionyesha moja, la kijani, limepasuka ukingoni. Ni la kwetu.

"Siku ile alikuja kama siku zote," akasema. "Alilalamika kiungulia. Nikampa maji ya kunywa. Akapiga simu, hapa palipo na mtandao, amesimama hapa."

Nikashika ukingo wa kiti.

"Alisema nini baada ya simu?"

"Alicheka. Akasema, bosi ameamuru nisubiri."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita mbele za watu. Yule mwanamke hakuwa na njia ya kulijua neno lile kama hakulisikia kwake.

"Akaenda, akalowesha, akawasha. Likawaka."

"Liliwaka?"

"Liliwaka, mayu. Nilisikia. Kisha akalizima mwenyewe, akafunga lile bati la mbele, akarudi. Akasema, napumzika kidogo ndipo niende. Nikamtandikia mkeka pale." Alionyesha kwa kidevu, penye kivuli cha bani. "Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nilidhani amelala. Nilimaliza maharage yote. Nikaenda kumwamsha nimwambie jua linashuka."

Akasimulia yaliyofuata akitazama chini. Mume wake alirudi kutoka shambani wakaogopa. Mtu wa mjini amekufa uani kwao, ametoka kunywa maji yao. Nani angewaamini? Walifikiria polisi, walifikiria ndugu zake. Wakamwosha uso. Wakambeba kwa ule mkeka, mumewe ameshika upande wa kichwa, wakamkalisha kwenye tairi, kofia wakaiweka magotini. Wakafungua boneti ili ionekane kwamba alikuwa akihangaika na gari. Halafu mume akatembea hadi mbele kwenye kona, akasimamisha lori la kwanza, akasema kuna mtu amekaa kule na haitikii.

"Mlimwacha peke yake barabarani?"

"Nilikaa kwenye mtaro. Usingeweza kuniona kutoka barabarani, lakini nilikuwepo. Mpaka lori lilipofika."

Nilisimama. Nilitaka kumpiga; nakiri. Nilitaka pia kupiga magoti. Kwa miaka miwili nilikuwa nimembeba mume wangu aliyekufa peke yake juani, mikono michafu kwa mafuta, akisubiri kwa sababu nilimwambia asubiri. Huyu mwanamke alikuwa akinipa mtu mwingine: aliyelala kivulini, gari lake zima, amekunywa maji, amecheka. Na mtu huyu walikuwa wamenificha. Nikaingia garini bila kuaga. Nilipotazama kwenye kioo bado alikuwa amekaa chini kati ya majani yake.

Jumatano mbili nilipita bila kusimama. Gari lilikimbia vizuri. Nilikisogeza kiti mbele, miguu ikafika, nikautupa mto nyuma. Nilimpigia binti yangu nikamweleza yote. Alilia, kisha akauliza kama nitaenda polisi. Nikamwambia sijui. Shemeji sikumwambia, na sijamwambia hadi leo. Anaamini maombi ndiyo yaliyofanya kazi, na mchungaji anaamini hivyo hivyo.

Jumatano ya tatu nikasimama. Nilimwomba anionyeshe mahali hasa ulipokuwa mkeka. Palikuwa pamefagiliwa. Mumewe alitoka ndani, akasimama mbali kofia mkononi, nikamsalimia, akaitikia. Nikakaa pale chini kama robo saa. Hakuna kilichonisemesha. Nilisikia kuku, na majani ya tumbaku yakisuguana kwenye fito.

Tangu hapo nikipita huwa nasimama mara moja moja, si kila wiki. Hatujawa marafiki. Kuna siku bado namwangalia nikamchukia kwa yale maharage.

Mwezi uliopita jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba, akaniomba lifti hadi hospitali mjini. Nilimpakia mbele. Alikuwa amevaa nguo zake za Jumapili na rozari mkononi, akaangalia miombo inavyopita. Tulipokaribia mjini akaniuliza marehemu alikuwa akisali kanisa gani.

"Moravian," nikasema.

"Sisi ni Wakatoliki. Siku ile, kule kwenye mtaro, nilimsalia. Ya kwetu. Sikujua nyingine." Alizungusha punje za rozari kwa kidole. "Unadhani ilifika?"

Mbele yetu kulikuwa na baiskeli nyingi zimebeba mkaa, ikabidi nipunguze mwendo. Nilizipita moja moja, kwa uangalifu, hadi ya mwisho.

"Ilifika," nikamwambia.